Mhakiki na Mlezi: Mapitio ya Vitabu vya Watoto kwa Kipimo cha Mnero

1.0 Utangulizi

Katika fasihi ya watu wazima, anayenunua kitabu, anayekisoma na anayekitolea hukumu aghalabu huwa ni mtu mmoja. Katika fasihi ya watoto mambo hayako hivyo. Kitabu cha mtoto huandikwa na mtu mzima, huidhinishwa na mtu mzima, hununuliwa na mtu mzima na huhakikiwa na mtu mzima. Mtoto ambaye kitabu kimetungwa kwa ajili yake hufikiwa mwisho, na kauli yake ni nadra kuandikwa popote. Kwa sababu hiyo, swali la nani anastahili kukipima kitabu cha mtoto, na kwa kipimo gani, ni swali la kitaaluma linalohitaji kushughulikiwa kwa utaratibu.

Makala haya yanalinganisha aina mbili za mapitio ya vitabu vya watoto vya Kiswahili. Aina ya kwanza ni mapitio ya kitaalamu, yaani yale yanayoandikwa na mhakiki aliyefunzwa na kuchapishwa katika jarida au gazeti, pamoja na tathmini zinazotolewa na vyombo vya kuidhinisha vitabu. Aina ya pili ni mapitio ya mlezi. Neno mlezi hapa linatumika kwa maana pana: mwalimu wa darasa, mzazi, mkutubi, au dada mkubwa anayewasomea wadogo zake. Hoja inayotetewa ni kwamba aina hizi mbili hazipimi kitu kimoja. Mapitio ya kitaalamu hupima matini, na mapitio ya mlezi hupima usomaji wa matini hiyo. Anayeziona kama daraja la juu na daraja la chini la kazi ileile hukosa kuona upungufu wa kila moja.

Ili hoja isielee hewani, makala yanaitazama kutoka Mnero, katika eneo la Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Mahali hapo pamechaguliwa kwa kuwa pana sifa zinazoonyesha kwa uwazi umbali uliopo baina ya mahali kitabu cha mtoto kinapohakikiwa na mahali kinaposomwa.

2.0 Mapitio ya Kitaalamu na Asili Yake

Uhakiki wa kitaalamu wa vitabu vya Kiswahili vya shule una historia ndefu, na historia hiyo imeacha alama katika vigezo vinavyotumika hadi leo. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ilipewa jukumu la kusanifisha lugha na pia la kuipitia miswada ya vitabu vya shule. Kitabu kilichoridhiwa kilipewa ithibati ya Kamati kwamba lugha yake inakubalika. Mpitiaji wa kitabu cha mtoto, kwa hiyo, alikuwa kwanza mlinzi wa lugha sanifu. Alitazama tahajia, upatanisho wa kisarufi na uteuzi wa msamiati. Ikumbukwe pia kwamba kwa miaka mingi ya mwanzo Kamati hiyo haikuwa na wajumbe Waafrika, na kwamba malalamiko ya wasemaji wazawa kuhusu Kiswahili cha vitabuni yalisikika mapema.

Mwaka 1964 kazi za Kamati ziliingia katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mapitio ya vitabu yakapata nafasi katika majarida ya kitaaluma. Vigezo vilipanuka. Pamoja na usanifu wa lugha, wahakiki walianza kuuliza kuhusu dhamira, itikadi, muundo na mtindo. Hata hivyo, majarida hayo yaliipa uzito zaidi riwaya, tamthilia na ushairi wa watu wazima. Kitabu cha kurasa ishirini na nne chenye picha kila ukurasa hakikuonekana kuwa na mengi ya kuhakikiwa.

Upande wa serikali, uidhinishaji wa vitabu vya shule ulipitia mikononi mwa vyombo kadhaa. Baada ya sera ya mwaka 1991 kufungua milango kwa wachapishaji binafsi, ilihitajika kamati ya kuidhinisha vifaa vya kielimu. Kamati hiyo, iliyojulikana kwa kifupi cha EMAC, ilivunjwa mwaka 2013 kufuatia mjadala mkali wa kitaifa kuhusu makosa yaliyokutwa katika vitabu vilivyokuwa vimekwisha kupewa ithibati, na kazi hiyo ikarejeshwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Tukio hilo lina funzo kwa mada hii. Vitabu vilivyolalamikiwa vilikuwa vimepita mikononi mwa wataalamu. Ithibati ya mtaalamu, basi, haiwezi kuwa neno la mwisho.

Hata hivyo, nguvu za mapitio ya kitaalamu ni za kweli. Mhakiki aliyefunzwa huweza kukiweka kitabu kimoja kando ya vingine mia. Huweza kutambua kwamba hadithi inayosifiwa kuwa mpya ni ngano ya sungura na fisi iliyovalishwa suruali. Huona kwamba watoto wa kike katika kitabu wanateka maji huku wa kiume wakifanya uvumbuzi. Mambo haya mlezi anaweza kuyapita bila kuyaona, kwa kuwa hana vitabu vingine mia vya kulinganishia. Tena mhakiki huweka jina lake chini ya hukumu yake, na hukumu hiyo hubaki maktabani ikiweza kupingwa na mwingine.

3.0 Mapitio ya Mlezi

Mapitio ya mlezi kwa kawaida ni ya mdomo. Mwalimu humwambia mwenzake kwamba kitabu fulani watoto wanakigombania, au kwamba kingine kimekaa kabatini tangu kilipoletwa. Maneno hayo ni mafupi, hayana istilahi, wala hayafiki kwa mwandishi na mchapishaji. Lakini yamejengwa juu ya ushahidi ambao mhakiki wa jarida hanao: mlezi amekiona kitabu mikononi mwa mtoto.

Tofauti hii imekwisha kujadiliwa kwingineko. Mwandishi na mhakiki wa Uingereza, John Rowe Townsend, aliwagawa wanaojishughulisha na vitabu vya watoto katika makundi mawili: wale ambao macho yao yako kwenye kitabu na wale ambao macho yao yako kwa mtoto. Louise Rosenblatt wa Marekani, katika kazi yake ya mwaka 1978, alidai kwamba kazi ya fasihi hutokea pale matini na msomaji wanapokutana, wala haikamiliki katika matini peke yake. Dai hilo likikubaliwa, yafuata kwamba mtu aliyeshuhudia mkutano huo wa mtoto na kitabu ana maarifa ya kihakiki, hata kama hana shahada ya fasihi.

Marekani ilikuwa na jarida maalumu la vitabu vya watoto, Horn Book Magazine, tangu mwaka 1924, na lilianzishwa Boston na watu waliokuwa wakiuza vitabu kwa watoto ana kwa ana. Yaani hata pale ambapo mapitio ya kitaalamu yamestawi, mzizi wake ulikuwa kwa mtu aliyemtazama mtoto akichagua. Katika Kiswahili mambo yalianza upande wa pili: ofisi ya lugha ilitangulia na mtoto akafuata.

4.0 Kipimo cha Mnero

4.1 Hali ya lugha

Jina la Mnero hubebwa na kata zaidi ya moja za Wilaya ya Nachingwea, zikiwamo Mnero Miembeni na Mnero Ngongo. Ruangwa nayo ilikuwa sehemu ya Nachingwea hadi miaka ya 1990. Hii ni nchi ya Wamwera, ambao lugha yao imo katika kundi moja na Kiyao na Kimakonde, na sarufi yake iliyoandikwa na Lyndon Harries ilichapishwa mwaka 1950. Pamoja nao wako Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wangindo. Mpango wa karanga uliofanyika Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940 ulileta pia vibarua kutoka sehemu nyingine. Kiswahili kimekuwa lugha ya kuwaunganisha watu hawa wote, na tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini Tanzania.

Mtoto wa Mnero, kwa hiyo, si mgeni wa Kiswahili, lakini Kiswahili anachokisikia nyumbani na njiani sicho kile cha vitabuni kwa kila hali. Kina miundo mifupi na kimechanganyika na Kimwera. Sauti kama th, dh na gh, zilizoingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, si sehemu ya urithi wake wa kibantu. Kitabu anachopewa darasa la pili huenda ndicho chombo cha kwanza kumkutanisha na virejeshi vilivyofumwa ndani ya kitenzi, kama katika neno "aliyemwonyesha", pamoja na maneno kama "aghalabu" na "taadhima".

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika matokeo ya usomaji kitaifa. Tathmini ya Uwezo ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba ni takriban mtoto mmoja kati ya watatu wa darasa la tatu aliyeweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Katika hali kama hiyo, kitabu cha hadithi kisichosomeka kina hasara kubwa kuliko bei yake. Mtoto anayeshindwa na kitabu cha kwanza haambiwi kwamba kitabu ndicho kilichokosea, bali huamini kwamba yeye ndiye asiyeweza.

4.2 Kitabu kimoja, hukumu mbili

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo tu. Tuseme kimechapishwa Dar es Salaam kitabu cha watoto wa miaka minane kuhusu msimu wa korosho. Mhakiki wa kitaalamu anakisoma na kukiandikia kurasa mbili. Anausifu utajiri wa msamiati, anaona kwamba dhamira ya ushirika imejitokeza vizuri, na anakosoa mwisho wa hadithi kwa kuwa mhusika mkuu anaokolewa na mjomba badala ya kujiokoa. Yote hayo ni hukumu za haki, na hiyo ya mwisho ni ya thamani kubwa kwa mwandishi.

Kitabu hichohicho kinafika darasani Mnero. Ukurasa wa tatu una picha ya mkorosho, na mchoraji ameichora korosho ikiwa juu ya bibo, karibu na kikonyo. Darasa zima linacheka. Watoto hao wameokota korosho tangu walipoweza kuinama, na wanajua kwamba korosho huning'inia chini ya bibo. Kuanzia hapo mwandishi amekwisha kupoteza imani yao, na mawaidha ya ushirika yanayofuata yanasikilizwa kama maneno ya mtu asiyejua anachokisema. Ukurasa wa tano unatumia neno "kanju". Kamusi zinalijua neno hilo kama zinavyolijua "bibo", lakini watoto wa sehemu hizi husema mabibo. Mkazi wa Dar es Salaam, kwa upande wake, huenda akalifahamu neno Mabibo kwanza kama jina la mahali jijini. Mwalimu anatambua pia kwamba wasomaji walikwama katika sentensi moja ya mistari minne, na kwamba mjomba aliyelaumiwa na mhakiki ndiye mhusika waliyempenda kuliko wote.

Hoja hiyo ya mjomba inafaa kuangaliwa zaidi. Wamwera, kama majirani zao Wamakonde na Wayao, wana mapokeo ya kufuata ukoo wa mama, na mjomba katika mapokeo hayo ana mamlaka na wajibu mkubwa kwa watoto wa dada yake. Mjomba anayemwokoa mpwa wake anatimiza wajibu unaofahamika, na kwa watoto hao si hila ya mtunzi aliyeishiwa na mbinu. Mhakiki alitumia kanuni inayomtaka mhusika mtoto ajitatulie matatizo yake, kanuni iliyoenea katika uhakiki wa kimagharibi. Je, nani yuko sahihi? Makala haya yanaona kwamba swali hilo lisingeulizwa kabisa iwapo hukumu moja tu ingechapishwa. Ubishi huo baina ya hukumu mbili ndio uhakiki wenyewe.

4.3 Yanayosomeka na yasiyosomeka hadharani

Jambo la tatu linahusu mila. Jando na unyago vina nafasi katika maisha ya jamii za kusini, na baadhi ya mafunzo yake hayasemwi mbele ya asiyepitia. Mwandishi anaweza kutunga hadithi ya kijana anayerudi kutoka jandoni kwa nia njema kabisa ya kuhifadhi utamaduni, na mhakiki akamsifu kwa nia hiyo. Mwalimu anayetakiwa kuisoma hadithi hiyo kwa sauti mbele ya wavulana na wasichana wa rika tofauti hukutana na tatizo ambalo halimo katika matini. Limo katika mazingira ya usomaji. Yeye pekee ndiye anayeweza kulisema, na mwandishi angefaidika kulisikia kabla ya chapa ya pili.

5.0 Kasoro za Kila Upande

Isidhaniwe kwamba mapitio ya mlezi yanatosha. Yana kasoro tatu kubwa. Kwanza, mara nyingi hayatoi sababu. Kusema kwamba kitabu ni kizuri kwa kuwa kinafundisha ni kusema jambo linaloweza kusemwa kuhusu karibu kila kitabu cha watoto cha Kiswahili. Pili, mlezi huweza kuichukua ladha yake na kuiita ladha ya watoto. Mwalimu aliyehamishiwa Nachingwea kutoka mkoa wa mbali huweza kuwa mgeni wa Kimwera sawa na mhakiki wa jijini, na ukimya wa darasa akauhesabu kuwa usikivu. Tatu, kuna suala la shukrani. Shule nyingi hupata vitabu vya hadithi kwa msaada. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991 wakati uhaba wa vitabu ulipokuwa mkali, umefanya kazi kubwa ya kuwaunga mkono wachapishaji na kuvifikisha vitabu shuleni. Lakini kwa kawaida ya binadamu, aliyepewa kitu bure huona haya kukisema vibaya. Mapitio ya aliyepokea zawadi yahitaji kusomwa kwa tahadhari, iwe zawadi hiyo imetoka kwa mfadhili au kwa mchapishaji anayetafuta sifa.

Mapitio ya kitaalamu nayo yana kasoro zake. Duru ya wanaoandika, wanaochapisha na wanaohakiki vitabu vya watoto vya Kiswahili ni ndogo, na mara kwa mara mtu mmoja huvaa kofia zote tatu. Ni vigumu kumkosoa hadharani mtu ambaye mwezi ujao atausoma mswada wako. Aidha, mapitio huchelewa. Jarida linalotoka mara moja au mbili kwa mwaka hukizungumzia kitabu baada ya maamuzi ya ununuzi kufanyika. Zaidi ya yote, mhakiki hupatwa na kishawishi cha kukipima kitabu cha mtoto kwa jinsi kilivyomridhisha yeye. Kishawishi hicho ni kigumu kukitambua kwa kuwa kinavaa joho la vigezo.

Tuzo za fasihi zinaongeza uzito wa suala hili. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023 na baadaye ikajumuisha hadithi za watoto, ni hatua ya kupongezwa. Tuzo, hata hivyo, hutolewa na jopo la watu wazima wanaosoma mswada. Kitabu kikishapambwa kwa tuzo, itakuwa vigumu zaidi kwa mwalimu wa kijijini kusema kwamba watoto wake hawakukielewa.

6.0 Kuelekea Mapitio ya Pamoja

Linalohitajika ni njia ya kuyafanya mapitio ya mlezi yawe na nidhamu bila kuyanyang'anya ushahidi wake, na kuyafanya mapitio ya kitaalamu yawajibike kwa ushahidi huo. Mfano mmoja wa kufaa unapatikana katika kazi ya Aidan Chambers ya mwaka 1993 kuhusu mazungumzo ya watoto juu ya vitabu. Chambers alipendekeza watoto waulizwe mambo manne ya msingi: walichokipenda, wasichokipenda, kilichowatatiza, na mambo waliyoyaona yakijirudia au kuhusiana katika kitabu. Maswali haya hayahitaji istilahi, na jibu la swali la tatu ndilo ambalo mhakiki hawezi kulipata kwa kusoma peke yake.

Majarida ya idara za Kiswahili yanaweza kuanza kwa utaratibu mdogo. Kila kitabu cha watoto kinachohakikiwa kipewe wapitiaji wawili. Mmoja awe mhakiki anayeandika kwa vigezo vya fasihi na isimu. Mwingine awe mlezi anayeeleza kitabu kilisomwa na watoto wa umri gani, wenye lugha gani ya nyumbani, ukurasa gani uliwakwamisha, wapi walicheka, na nani aliomba kukisoma tena. Aeleze pia kitabu alikipataje. Hukumu hizo zichapishwe zikifuatana, bila mhariri kuzipatanisha. Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda kufanya utafiti wilayani anaweza kumsaidia mlezi kuandika, mradi asiyageuze maneno yake kuwa ya chuoni.

Utaratibu huo utaleta pia faida ya kiisimu. Orodha ya maneno na miundo iliyowakwamisha wasomaji wa Mnero, ikiwekwa kando ya orodha ya wasomaji wa Pemba, Bukoba na Mbulu, itakuwa data ya thamani kuhusu hali halisi ya Kiswahili cha watoto, data ambayo hakuna ithibati ya ofisini inayoweza kuizalisha.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mapitio ya kitaalamu ya vitabu vya watoto vya Kiswahili yalizaliwa katika ofisi ya usanifishaji na yamerithi macho ya ofisi hiyo, ambayo ni makali kwa lugha na hafifu kwa msomaji. Mapitio ya mlezi yana kinyume cha sifa hizo. Yanamwona mtoto, lakini hayajui kueleza yanachokiona, na hupotea mara yanapotamkwa. Mfano wa Mnero umedhihirisha kwamba baadhi ya makosa ya kitabu, kama vile korosho iliyochorwa juu ya bibo, hayaonekani mezani kwa mhakiki, na kwamba baadhi ya yale yanayoitwa makosa, kama vile mjomba mwokozi, huweza yasiwe makosa mbele ya wasomaji wake. Mchapishaji anayesikia upande mmoja tu ataendelea kuchapa vitabu vinavyosifiwa na kukaa kabatini. Gharama ya kabati hilo huilipa mtoto.